Re: UCAS (maombi ya vyuo vikuu Uingereza): binti kawekwa ada ya overseas, kozi ya Uhusiano wa Kimataifa

Mama Aisha, Leicester
Shikamooni wakubwa. Binti kapata offer ya Uhusiano wa Kimataifa, Septemba 2026, ila udahili wamemweka overseas (ada ya wanafunzi wa kigeni) kwa kuwa ana limited leave tu, yaani ruhusa ya kuishi yenye kikomo. Kazaliwa mwanzoni mwa Agosti 2008, kaingia Uingereza Juni 2017. Aifanye firm (chaguo lake la kwanza) sasa, au asubiri wabadilishe?

Baba Juma, Reading
Bila ILR (kibali cha kuishi bila kikomo) hakuna home, yaani ada ya wenyeji, dada. Sheria ndiyo hiyo.

Mwl. K, Manchester
Kaka, usimkatishe tamaa kwa sheria ya zamani. Kesi ya Tigere, binti wa Zambia aliyedai haki ya mkopo wa masomo, ilifika Mahakama ya Juu mwaka 2015, ndipo kikaja kipengele cha long residence (kuishi hapa muda mrefu). Wanatazama tarehe 1 Septemba ya mwaka wa kuanza. Aliye chini ya miaka 18 siku hiyo awe ameishi hapa miaka 7. Aliyefikisha 18, nusu ya umri wake. Binti anatakiwa 9 na siku chache, naye atakuwa na 9 na miezi miwili. Anapita, lakini kwa kidogo, kwa hiyo tafuteni muhuri wa kuingia kwenye pasipoti ya zamani. eVisa (viza ya mtandaoni) peke yake haitoshi, inaonyesha ruhusa ya sasa. Ongezeni barua ya shule ya msingi yenye tarehe ya kuandikishwa.

Bi Mkubwa, Croydon
Mwalimu, umeacha nusu ya sharti. Miaka 3 ya mwisho kabla ya tarehe hiyo lazima awe hapa kihalali. Maombi ya kuongeza viza yakitumwa baada ya ile ya zamani kuisha, 3C (kifungu kinachorefusha ruhusa wakati maombi yanasubiri) haimlindi. Na Student Finance (watoa mikopo ya wanafunzi) wanaamua kivyao, hata chuo kikisema home. Aombe mkopo sasa, hawadai nafasi iliyothibitishwa.

Baba Juma
Haya, nimekubali. Ila achunge year abroad (mwaka wa kusoma nje ya Uingereza), kozi hizi zinaipenda sana. Njia nyingi za ILR hazitaki azidi siku 180 nje ndani ya miezi 12.

Mwl. K
Hilo kweli. Na akichukua uraia wa hapa, wa Tanzania unaondoka. Wakenya wana uraia pacha tangu Katiba ya 2010. Tunasomesha watoto diplomasia, halafu hawawezi kuwakilisha nchi ya wazazi wao. Inauma.

Bi Mkubwa
Inauma zaidi ukikumbuka chuo cha diplomasia Kurasini tulikianzisha na Msumbiji mwaka 1978, wakati ukombozi wa kusini bado unapiganiwa. Serikali iliyowaza vile ingeshindwaje kuliona hili?