Mbolea ya Minjingu imekubali Kibosho, Kahe imegoma. Nimeuziwa feki?

Kijana wa Kihamba: Wakuu, habari za jioni. Nina kihamba (shamba la nyumbani) Kibosho, mlimani Kilimanjaro, na eka moja na nusu ya mahindi huku chini Kahe. Bei ya mbolea ya chumvichumvi, ile ya viwandani, ilinishinda, nikapandia Minjingu ya unga kotekote. Juu, maharage yamebeba mpaka jirani kaja kuuliza. Huku chini mahindi yamedumaa, majani yana zambarau pembeni. Mfuko uleule, mkono uleule. Nimepigwa?

Mzee wa Samadi: Hujapigwa. Zambarau hiyo ni njaa ya fosforasi. Minjingu ni mwamba uliosagwa, unachimbwa kule jirani na Ziwa Manyara, na hauyeyuki vizuri mpaka ukutane na udongo wenye tindikali. Kibosho mvua zimeosha udongo miaka na miaka, tindikali ipo. Hebu angalia mfereji wako wa Kahe ukikauka: kuna unga mweupe juu?

Kijana wa Kihamba: Upo! Watoto wanauchora kwa kidole. Sasa nimwage majivu? Jikoni kuna madebe mawili.

Bibi Migomba: Mwanangu, usithubutu! Huo unga mweupe ni magadi, na majivu yatayazidisha. Yapeleke juu kwenye migomba. Ila usiyachanganye na samadi mbichi, ile harufu inayokupanda puani ndiyo naitrojeni inakimbia.

Sungura Biashara: Mkuu, mkojo wa sungura ndio mwisho wa matatizo. Lita moja kwa maji lita kumi. Njoo inbox.

Mzee wa Samadi: Huyu anatafuta wateja. Mkojo una chumvi, na Kahe chumvi imeshajaa. Kijana, tia samadi iliyoiva, viganja viwili kila shimo. Iliyoiva ukichomeka mkono haiunguzi, na inanukia kama udongo baada ya mvua. Minjingu iliyobaki itandaze kwa matabaka kwenye shimo la mboji, ioze humo miezi mitatu.

Dada wa Himo: Jamani, eka moja na nusu kwa samadi tupu? Ng'ombe wangapi hao? Mimi hukuzia kwa SA (mbolea ya salfeti ya amonia) kidogo na sioni aibu, kwenye udongo wa magadi inafaa kuliko urea. Kabla ya yote pima udongo, kituo cha utafiti wa kilimo Selian, Arusha, wanapima. Chota sehemu kumi, changanya kwenye ndoo safi, peleka kama kilo moja.

Kijana wa Kihamba: Ng'ombe ni wawili, dada, na mmoja bado ndama. Napima kwanza. Mifuko miwili ya Minjingu naipandisha Kibosho Jumamosi. Nani ana pikapu?