Zana ndogo ya mfukoni kwa kazi za kila siku: koleo la kukunja au kisu chenye mkasi?

Kebo_na_Plagi (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam. Naomba mawazo ya waliokaa na hivi vitu muda mrefu. Nimesoma maelezo ya watengenezaji mpaka macho yanauma na bado sijaamua.

Kazi yangu ni kuhudumia kompyuta na printa za ofisi. Sikai sehemu moja. Asubuhi niko ghorofa ya chini nafungua maboksi ya vifaa vipya, mchana nimelala chini ya meza ya mtu nakata vibanio vya plastiki vilivyofunga nyaya, jioni nakaza skrubu ya kiti kilicholegea. Begi la zana ninalo, ila kila ninapolihitaji liko ghorofa nyingine. Nataka kitu kimoja kinachokaa mfukoni tangu naingia kazini mpaka natoka, na kisinisumbue nikikaa au kuchuchumaa.

Nimebaki na vinne. Victorinox Cadet: urefu milimita 84 ikiwa imefungwa, gramu 46, nyembamba, lakini haina koleo wala mkasi. Gerber Dime: gramu 62, ina koleo dogo na mkasi, inaingia hata kwenye pete ya funguo. Leatherman Skeletool: gramu 142, koleo la ukubwa wa kazi, bisibisi ya kubadilisha ncha, klipu ya kuning'iniza mfukoni, mkasi hakuna. Na Leatherman Wave+, gramu 241, ambayo ina karibu kila kitu nilichowahi kukitamani.

Moyo unataka Wave+. Suruali inakataa. Ninyi mnabeba nini, na kwa nini?

StooKuu

Mkuu, weka majina ya kampuni pembeni kwanza. Swali la mwanzo ni moja: unahitaji koleo au huhitaji? Ukishalijibu hilo, nusu ya vitu ulivyoorodhesha vinajiondoa vyenyewe. Koleo ndilo linaloleta uzito, na ndilo linalofanya umbo liwe nene, kwa sababu mipini miwili lazima ilifunike likikunjwa.

Mimi nilipokuwa naamua nilifanya hivi. Nilichukua daftari dogo, na kwa wiki mbili kila nilipotamani kifaa chochote niliandika mstari mmoja: nilitaka kufanya nini, na kifaa gani kingetosha. Sikuandika chapa. Niliandika "kukata kamba ya marobota", "kutoa pini ya karatasi", "skrubu ya kitasa". Zaidi ya nusu ya mistari ilikuwa kukata. Koleo lilitokea mara chache mno. Tangu hapo natembea na Cadet, na mwaka wa sita huu sijajuta.

Kuna jambo la Cadet ambalo wengi hawalijui. Ile ncha ndogo ya bisibisi iliyo mwisho wa kifungua kopo inaingia vizuri kwenye skrubu nyingi za nyota, si za bapa tu. Jaribu utaona. Na kifungua chupa mwisho wake ni bisibisi pana, ubavuni kina pengo la kuchunia waya. Vifaa vinne tu, lakini vingi vina kazi zaidi ya moja.

FundiPikipiki

StooKuu ni kaka yangu humu na namheshimu, ila hapa napingana naye. Daftari linahesabu mara ngapi. Halihesabu ilikuwa na uzito gani.

Kukata kuna njia mia. Ukikosa kisu utatumia funguo, utatumia kipande cha msumeno, utaazima mkasi kwa jirani. Ukikosa koleo umekwama pale pale. Vidole havishiki nati yenye mafuta. Havivuti pini iliyozama. Tim Leatherman alizunguka Ulaya mwaka 1975 na gari kuukuu na kisu mfukoni, na kila kilipoharibika kitu, kisu alikuwa nacho, koleo hakuwa nalo. Ndiyo maana zana yake ya kwanza, iliyoingia sokoni mwaka 1983, ilijengwa kuzunguka koleo.

Mimi Skeletool. Gramu 142 ukiipachika kwa klipu kwenye ukingo wa mfuko huzihisi, kwa sababu hailali chini ikakuchapa paja. Bapa la kisu unalifungua kwa kidole gumba cha mkono mmoja huku koleo likiwa bado limekunjwa, na mkono mwingine umeshika mzigo. Hilo peke yake linanitosha.

DadaWaNyaraka

Hodi jamani. Wote mnaongea kama watu wenye mifuko mipana. Mimi nguo zangu nyingi za kazini mfuko wake unaishia kwenye kiganja. Kitu cha sentimita 10 kinachungulia nje. Kwangu klipu ni kero, inakwaruza kila kiti ninachokaa.

Nimebeba Victorinox Classic SD kwa miaka, milimita 58, gramu kama 21 hivi. Mkasi wake mdogo ndio unaofanya kazi karibu yote: nyuzi, lebo, selotepu, plasta, pakiti za kahawia za barua. Na naomba niliseme hili wazi, maana halijatajwa: mkasi unakubalika mbele za watu. Ukitoa mkasi mdogo kwenye chumba cha mikutano hakuna anayegeuka. Ukitoa bapa la Skeletool linalojifunga kwa mlio, watu wananyamaza. Kwa anayehudumia watu kwenye meza zao, kama mwanzisha mada, hilo ni jambo la kulipima.

Nilikuwa pia na Leatherman Squirt PS4, koleo la vidole viwili lenye springi. Nililipenda sana. Halitengenezwi tena, kwa hiyo ukilikuta kwa mtu mkononi uliangalie vizuri kabla ya kununua, hasa springi za koleo na za mkasi. Dime ndiyo iliyobaki karibu na umbo hilo.

Chuma_na_Kinoo

Niongeze upande wa chuma na usalama, kwa sababu nimeona watu wakiumia.

Chuma kwanza. Bapa la Victorinox lina ugumu wa 56 hivi kwa kipimo cha Rockwell, kinachopima ugumu wa chuma. Leatherman kwenye Skeletool ya kawaida na Wave+ wanatumia chuma cha 420HC. Vyote viwili vinashika makali kiasi na havipati kutu kirahisi, na vyote unavinoa mwenyewe kwa kinoo cha kawaida kwa dakika chache. Kwa kazi ya maboksi naona hilo ni bora kuliko chuma kigumu mno kinachodumu lakini kinakutoa jasho siku ya kunoa. Karatasi ngumu ya boksi inaua makali haraka kuliko watu wanavyodhani.

Sasa kufuli la bapa. Skeletool na Wave+ bapa likifunguka linajifunga kwa kufuli, halirudi mpinini lenyewe. Cadet, Classic na Dime hazijifungi. Bapa la Cadet linashikwa na springi ya mgongo tu. Nilikuwa natoboa mkanda wa ngozi kwa ncha ya kisu cha aina hiyo. Nilisukuma, ncha ikakwama, nikaipinda kidogo ili itoke, na bapa likarudi kwenye mpini. Kidole cha shahada kilikuwa njiani. Kovu liko kwenye kiungo cha kwanza, mpaka leo baridi ikiwa kali kinakakamaa. Kosa ni langu: bapa lisilojifunga ni la kukata kwa kuvuta, si la kusukuma wala kutoboa.

Ila kufuli nalo lina upande wa sheria. Uingereza, kwa mfano, kisu cha kukunja kisichojifunga chenye makali yasiyozidi inchi 3 unaruhusiwa kutembea nacho, lakini kikiwa kinajifunga unatakiwa uwe na sababu ya msingi. Na popote ulipo, kabla ya safari ya ndege kitoe mfukoni, kiweke kwenye mzigo unaokabidhiwa. Visu vingi vizuri vimeishia kwenye pipa la ukaguzi.

La mwisho, na hili nakuomba sana mkuu: mipini ya makoleo haya ni chuma kitupu, haina kinga ya umeme. Zima, chomoa, hakikisha, ndipo ukate.

Wave_ya_Droo

Kwa ufupi. Wave+ nilibeba mfukoni miezi minne. Ni zana bora niliyowahi kumiliki: vipande vya kukatia waya vinabadilishwa vikichoka, mabapa yanafunguka bila kukunjua koleo, mkasi unakata kweli. Lakini ilitoboa mfuko wa suruali mbili, nikaihamishia kiunoni, kisha kwenye begi, kisha kwenye droo. Siku nyingi ninapoihitaji iko mahali ambapo mimi sipo. Kwa gari au begi, nunua ukiwa umefumba macho. Kwa mfuko, hapana.

Kebo_na_Plagi

Asanteni sana, nimejifunza. Swali dogo: skrubu zangu nyingi ni za nyota na ziko ndani ya tundu, hasa za printa. Skeletool inazifikia?

StooKuu

Haifikii vizuri. Ncha zake ni fupi na bapa, na kichwa cha kuzishikia kiko kwenye mpini wenyewe, kwa hiyo mpini unagonga ukingo wa tundu kabla ncha haijafika. Kuna kirefusho cha kununua pembeni, lakini hicho ni kitu cha pili cha kukumbuka kubeba. Kwa skrubu za tundu hakuna zana ya mfukoni inayoshinda bisibisi ndefu ya kawaida. Hiyo iache kwenye begi.

Na kama DadaWaNyaraka amekushawishi kuhusu mkasi, angalia Victorinox Compact. Ni milimita 91, ina mkasi mkubwa kuliko wa Classic. Kuna kibisibisi cha miwani kinachokaa ndani ya kizibuo chake. Kile kimeokoa miwani yangu mara tatu.

Kebo_na_Plagi

Wakuu, nimerudi. Nilifuata ushauri wa daftari, siku kumi za kazi.

StooKuu ulikuwa sahihi: kukata ndiko kumejaa kurasa. Vibanio vya plastiki, selotepu, na zile pakiti za plastiki ngumu zilizobanwa kwa joto ambazo vifaa vya kompyuta huja nazo. Lakini FundiPikipiki nawe ulikuwa sahihi. Koleo limetokea mara nne tu, na mara zote nne nilipanda ngazi kulifuata. Kila mara ilikuwa kitu kidogo mno: pini ya karatasi iliyoingia kwenye roli ya printa, kipande cha karatasi kilichochanikia kwenye meno ya gia, kipini cha soketi kilichopinda. Si nati, si bolti. Mdomo mkubwa wa Skeletool hata usingeingia pale.

Kwa hiyo nimeelekea kwenye Dime. Ina mkasi, ina koleo la mdomo mwembamba, na ina kile kibapa kifupi cha pembeni kilichotengenezwa mahsusi kuchana plastiki ngumu za pakiti, jambo ambalo kwenye hizo nyingine sijaliona. Bisibisi zake ni ndogo, nakubali.

FundiPikipiki

Umechagua kwa kazi yako, siwezi kubisha. Ila ukifika dukani usiichukue ikiwa kwenye pakiti. Omba uishike. Fumba mdomo wa koleo, uinue kwenye mwanga: ncha zigusane sawasawa, mwanga usipite mbele huku nyuma pamebana. Shika mipini uitikise kushoto na kulia. Ikicheza mpya, baada ya mwaka itapwaya. Fungua kila kifaa kwa kucha, kimoja kimoja, kisha kata karatasi laini kwa mkasi mpaka kwenye ncha kabisa. Mkasi ukitafuna badala ya kukata, mwambie akupe nyingine.

Na usikatie waya wa springi, hata mmoja. Nina koleo hapa lina pengo la nusu mwezi kwenye makali, ukubwa wa punje ya mchele, kwa sababu ya waya mmoja tu.