Vivutio visivyo vya kawaida: kipi kiendewe lini?

Mdadisi wa Njia
Wakuu, natafuta vivutio vyenye jambo linalotendeka: kitu kinachosogea, kinacholia, au kinachojengwa upya. Shida ya vivutio hivi ni kwamba ukifika siku isiyo yake unakuta kimya tu. Mnaovifahamu, nitajieni msimu wake na kinachowakwamisha wengi. Mapango na majumba ya mafuvu tuyaache, orodha yake ninayo.

Spea Mbili
Anza na mawe yanayotembea ya Racetrack Playa, ndani ya hifadhi ya Death Valley, Marekani. Ni ziwa lililokauka, tambarare kama sakafu, na kila jiwe limeacha mchirizi nyuma yake. Fumbo lilitatuliwa 2014, baada ya watafiti kufunga GPS kwenye mawe. Mvua ya majira ya baridi huacha maji ya kina kifupi, usiku yanaganda barafu ya milimita chache, jua likipanda barafu inapasuka vipande vipana, na upepo mwepesi unavisukuma pamoja na mawe, mita chache kwa dakika. Mambo hayo yote kukutana ni nadra. Jiwe laweza kukaa miaka 10 papo hapo. Kwa hiyo nenda kuona michirizi, mwendo usiutarajie.

Kinachokwamisha watu ni barabara. Kutoka Ubehebe Crater ni kilomita 43 za changarawe yenye mawe makali. Matairi membamba yanachanika, na mtandao wa simu hakuna. Chukua gari lililonyanyuka, spea ya saizi kamili (ile nyembamba ya dharura haifai huko), jeki unayojua kuitumia, na maji ya kutosha. Wengi huishia Grandstand, ule mwamba mweusi, wakarudi wakisema hawakuona kitu. Mawe yako kusini: endelea kama kilomita 3, egesha, kisha tembea walau mita 800 kuelekea pembe ya kusini-mashariki. Udongo ukilowa usiukanyage, unyayo mmoja hubaki miaka. Kiangazi usiende kabisa, joto la huko linaua na sitii chumvi.

Kamba ya Nyasi
Cha kujengwa upya ni daraja la Q'eswachaka, Peru, juu ya mto Apurímac. Lina urefu wa karibu mita 28 na limesukwa kwa nyasi tupu. Kila Juni jamii nne za jirani hukutana siku chache: nyasi zinalowekwa, zinapondwa, zinasokotwa kamba nyembamba, na hizo zinasukwa kuwa kamba nene sita, nne za sakafu na mbili za kushikilia. Daraja kuukuu linakatwa na kuachwa lianguke mtoni. Kwa nini kila mwaka? Nyasi zinaoza. Mwaka 2020 kazi haikufanyika kwa sababu ya janga la korona, na Machi 2021 daraja likakatika.

Ukitaka kuona ususi, fika siku ya kwanza. Siku ya mwisho ni sherehe tu. Ni mwinuko wa karibu mita 3,700, basi lala Cusco siku mbili au tatu kwanza, la sivyo kichwa kitakugonga na hutaona chochote.

Bahari Tulivu
Kinacholia: kinanda cha bahari cha Zadar, Kroatia, cha tangu 2005. Ni ngazi za ufukweni zenye urefu wa mita 70, chini yake kuna mabomba 35. Wimbi likiingia, hewa inasukumwa kupita kwenye filimbi. Bahari ikilala sauti inafifia; subiri boti kubwa ipite, mawimbi yake yatakiamsha. Kaa ngazi za chini, maana juu kelele za watu zinaimeza sauti.

Mdadisi wa Njia
Asanteni sana. Na Ol Doinyo Lengai, ile volkano ya kaskazini mwa Tanzania yenye lava nyeusi?

Spea Mbili
Hiyo ni ya peke yake duniani. Joto lake ni nyuzi 500 na kitu, karibu nusu ya lava za kawaida, ndiyo maana mchana inaonekana kama tope jeusi badala ya moto. Ikishapoa, unyevu wa hewa unaigeuza nyeupe, na watu wengi hudhani ule ni theluji. Mlipuko wa 2007–2008 uliacha shimo refu kileleni, kwa hiyo unachungulia ukiwa ukingoni, na ukingo wenyewe unamomonyoka: usisogee bila mwongozaji.

Kupanda huanza kama saa 6 usiku ili ufike alfajiri, kwani njiani kivuli hakuna. Kushuka ndiko kugumu, majivu yanateleza chini ya mguu. Viatu vyenye meno, fimbo mbili, glavu, na taa ya kichwani yenye betri za ziada. Masika usijaribu.

Kamba ya Nyasi
Ongeza miwani ya kuzuia vumbi. Upepo wa kileleni unapuliza majivu machoni.