Tupeane uzoefu: neno la kutafutia lililouza makala yako, au lililoiua

Kalamu ya Ngamiani
Wadau, habari za saa hizi. Jana usiku makala yangu ya mwani imenunuliwa. Ilikaa kwenye lile soko la mtandaoni tunakouzia makala miezi kumi na minne bila mtu hata kuifungua, na nilichobadilisha ni tagi tu, yale maneno ya kutafutia. Ndani sikugusa hata mkato.

Makala inawahusu kina mama wa Jambiani wanaofunga mwani kwenye kamba wakati wa bamvua, maji yakishatoka mbali. Nilishinda nao siku mbili majini, miguu ikakatwa na matumbawe. Halafu nikaiwekea tagi "Zanzibar", "women", "ocean", "farming". Sasa nani ananunua "ocean"?

Juzi juzi nilikuwa napiga mswaki, nikasoma nyuma ya boksi la dawa ya meno: "carrageenan". Ndiyo ute ule ule unaotolewa kwenye mwani, unaotiwa kwenye losheni na aiskrimu ili vishikamane. Mwenye duka la vipodozi hana haja na Jambiani, anatafuta kilichomo kwenye chupa yake. Nikafuta tagi zote nne, nikaweka "carrageenan", "red seaweed skin care", "natural thickener". Siku ya tisa imeondoka.

Leteni za kwenu, za kufaulu na za kuumia.

Mama Pacha Kasarani
Umenikumbusha "nappy". Nilikuwa na makala ya upele wa nepi, nimeiandika nikiwa na watoto wawili mapajani, na haikusonga kabisa. Wanunuzi wa pale wengi ni Wamarekani, na wao husema "diaper". Sisi Kiingereza cha shule ni cha Mwingereza. Siku hizi nina daftari: "tyre" na "tire", "aubergine" na "eggplant", "courgette" na "zucchini". Ukiwa na shaka fungua Google Trends, weka maneno yote mawili, kisha badilisha nchi kutoka Uingereza hadi Marekani. Utaona mistari inavyopishana.

Nyota Njema
Hili la nepi limenikuta pia, dada. Mimi ilikuwa "football".

Fundi Takwimu
Mnajichosha bure. Google ilishatangaza Septemba 2009 kwamba haitumii tagi za maneno muhimu kupanga matokeo. Tengenezeni kichwa cha makala, mengine acheni.

Kalamu ya Ngamiani
Ndugu yangu, Google haimo kwenye habari hii. Tunazungumzia kisanduku cha kutafutia ndani ya soko. Mnunuzi ameshaingia dukani, anaulizia rafu.

Fundi Takwimu
Na hicho kisanduku kinasoma kichwa na muhtasari pia. Mimi makala tatu nimebadilisha vichwa tu, tagi nimeziacha, na mbili zimeuzika. Usiniambie sijui ninachosema.

Kalamu ya Ngamiani
Sijasema hujui. Nimesema umejibu swali la mtu mwingine.

Mzee wa Forodhani
Vijana, polepole. Mimi najaza visanduku vyote, hata kama ni kumi. Wavu mpana hukosi dagaa.

Mama Pacha Kasarani
Shikamoo mzee, lakini hapo tutatofautiana. Nilifanya hivyo hivyo, mhariri akanirudishia makala sita kwa mkupuo, akasema tagi hazilingani na maandishi. Tagi tano zinatosha, na ziwe za maneno mawili matatu yaliyoshikana. Neno moja pekee linakuweka foleni moja na watu elfu.

Msafiri wa Uvinza
Nimesoma kimya tangu asubuhi. Ya kwangu sijawahi kuisimulia.

Niliandika makala ya namna ya kutunza insulini mahali pasipo na umeme, kwa mtungi wa udongo unaopozwa na maji yanayokauka. Niliiandika kwa ajili ya shangazi yangu, maana hivyo ndivyo anavyotunza yake. Miezi minne, kimya. Nilikuwa na deni la kodi ya nyumba. Nikaenda kwenye Google, nikaandika "diabetes", nikatazama maneno inayokumalizia. Likaja "diabetes cure". Nikaliweka. Nilijua kabisa makala yangu haina tiba ndani yake.

Ikanunuliwa siku ya tatu, haki zote, yaani mnunuzi aifanye atakavyo. Nilifurahi, nikalipa kodi.

Baada ya kama miezi miwili binamu yangu akanitumia kiungo WhatsApp: "Kaka, hii si ile yako?" Ni tovuti ya muuza mitishamba. Aya yangu ya mtungi ipo vile vile, neno kwa neno, na chini yake wameongeza kwamba ukinywa unga wao utaachana na sindano. Mjukuu akamtafsiria shangazi ukurasa ule. Akaona habari za mtungi, akasema huyu anatujua. Akaacha insulini siku tano.

Tulimkuta hajitambui, anapumua kwa kasi kama mtu aliyekimbia. Alilazwa siku kumi na moja. Yu hai, namshukuru Mungu. Mguu wa kushoto haujakaa sawa mpaka leo. Yeye hajui kwamba ile aya niliandika mimi.

Nyota Njema
Ya Rabi. Pole sana kaka.

Mzee wa Forodhani
Mwanangu, pole. Mwambie shangazi. Nenda mwenyewe ukakae naye, usimpigie simu.

Mama Pacha Kasarani
Mzee, mama wa watu anaumwa, ya nini kumtwisha jingine? Usimwambie. Iandikie kampuni inayohifadhi ile tovuti, uwatumie picha za ukurasa. Na usiuze tena haki zote kwa makala za afya. Uza haki ya matumizi, isiyoruhusu kubadilisha maandishi.

Fundi Takwimu
Mtu asiyejali haki hajali hata mkataba. Lakini kuandikia kampuni, hilo nakubaliana nawe. Msafiri, nitumie kiungo faraghani, nitakusaidia kujua imehifadhiwa wapi. Nasema kweli, nitumie leo.

Kalamu ya Ngamiani
Nilianzisha uzi huu kwa furaha ya mauzo, sasa nimekaa hapa namfikiria huyu mama. Msafiri, una nyingine ya sukari bado iko sokoni?

Msafiri wa Uvinza
Ninayo moja, ya kusafiri na insulini kwenye basi siku mbili. Nayo ina neno lile lile. Naogopa hata kuifungua.

Kalamu ya Ngamiani
Ifungue. Toa "cure". Msomaji wako ni mtu mwenye dawa mkononi asiye na pa kuiweka. Mnunuzi wako ni duka la vifaa vya safari au kliniki. Weka "traveling with insulin", "insulin storage", "without refrigeration".

Mama Pacha Kasarani
"Traveling" kwa l moja, ya Kimarekani. Na "diabetes travel tips".

Msafiri wa Uvinza
Nimefuta. Naziandika sasa. "Refrigeration" ina d?

Fundi Takwimu
Haina. Yenye d ni "fridge". Weka zote mbili.