Watu baki wanapaki kwenye kiwanja changu kila siku, nifanyeje?

Mwenye Kiwanja
Wakuu habari za saa hizi. Naombeni ushauri maana hili jambo linanimaliza. Nina nyumba ya wapangaji, mbele yake kuna uwanja unaotosha magari kama nane hivi, upande wa barabarani hakuna geti wala uzio, ukikata kona tu umeshaingia. Tangu jirani wafungue zahanati basi uwanja wangu ndo umekuwa maegesho yao. Mpangaji akitoka kidogo akirudi anakuta gari la mtu asiyemjua limekaa pale pale alipotoa lake, na wengine wanapaki nyuma ya gari la mwenzao kabisa, handbreki juu, mlango wamefunga, namba ya simu kwenye kioo hakuna. Nimeweka kibao MAEGESHO BINAFSI ukutani lakini ni kama nimeuandikia upepo. Ukimuuliza mtu anakwambia "dakika mbili tu bosi", na hizo dakika mbili ni mpaka jioni. Nawaza ninunue cheni za kufunga tairi niwe natoza faini, au niite gari la kuvuta. Inakubalika hiyo? Nyie mnafanyaje?

Kichwa Moto
Toa upepo tairi zote nne kaa pembeni uangalie. Harudi tena huyo.

Wakili wa Kijiweni
Mkuu usimsikilize huyo hapo juu, utageuka wewe ndo mshtakiwa. Sasa hivi mwenye kosa ni yule aliyeingia kwako bila ruhusa, ila siku utakayotoa upepo au bampa ikakwaruzwa wakati wa kuvuta, kesi inahama inakuja mlangoni kwako, na ardhi kuwa yako haitakusaidia sana.

Hizo cheni nazo ziogope. Mahakama za Scotland zilishasema toka 1992 kwamba kufunga gari la mtu kwenye ardhi binafsi mpaka alipe ndo umfungulie ni kujipatia fedha kwa kulazimisha, na ni wizi pia. England na Wales waliziacha kampuni za cheni zikajifanyia zinavyotaka kwa miaka, malalamiko yakajaa, ikabidi itungwe sheria na kuanzia tarehe 1 Oktoba 2012 kufunga au kuvuta gari la mtu kwenye ardhi binafsi bila mamlaka ya kisheria ni kosa la jinai. Sisemi kwenu ni hivyo hivyo, kila nchi na sheria zake, ila kaulize kwanza kwa wakili au ofisi ya mamlaka ya eneo lako, na wakupe jibu la maandishi.

Kichwa Moto
Kwa hiyo mwenye ardhi akae tu anatazama? Sheria gani hiyo inamlinda mkorofi

Wakili wa Kijiweni
Haimlindi kaka. Hao hao Waingereza wanaruhusu utoze hela, ila kwa njia ya makubaliano. Kuna kesi ya ParkingEye, kampuni ya kusimamia maegesho, na dereva mmoja anaitwa Beavis, ilifika mpaka Mahakama ya Juu mwaka 2015. Jamaa alipaki kwenye maegesho ya maduka pale Chelmsford, bure kwa saa mbili, yeye akazidisha karibu saa nzima, akadaiwa pauni 85 akabisha kwamba hiyo ni adhabu tu haina uhusiano na hasara yoyote. Akashindwa. Na kilichowabeba wale wenye maegesho ni vibao, vilikuwa karibu 20, vikubwa, vinasomeka, kiasi cha kulipa kimeandikwa wazi, kwa hiyo ukiingia ukapaki umekubali masharti. Sasa rudi kwa mleta mada, kibao kimoja ukutani, dereva anakiona akiwa ameshazima injini, hicho utakitetea vipi?

Kiweke pale pale anapokata kona kuingia, usawa wa macho ya mtu aliyekaa kwenye gari, kisomeke hata usiku. Na maneno "maegesho binafsi" peke yake hayamwambii kitu, kila mtu anajiona anahusika. Andika ni ya nani: WAPANGAJI WA NYUMBA HII TU, na chini yake namba ya simu ya kupiga.

Mzee wa Hati
Naongezea kitu kimoja hapo kwenye kibao, vijana wengi hawakijui. Kunyamaza nako kuna hasara. Huko huko Uingereza mtu akitumia ardhi yako miaka 20 mfululizo bila ruhusa, bila kujificha na bila kutumia nguvu, anaweza kuja kudai kwamba sasa ni haki yake. Mwaka 2016 Mahakama yao ya Rufani iliamua kesi ya klabu moja iliyokuwa na maegesho, jirani wa duka la samaki na chipsi wateja wake na wanaomletea mizigo walikuwa wanapaki pale miaka nenda rudi, mwenye duka akadai haki. Klabu ilikuwa na kibao cha kusema maegesho ni ya wateja wake tu, watu walikuwa wanakipita kama hakipo, lakini mahakama ikasema kibao kinatosha kuonyesha kwamba mwenye ardhi hajakubali, hakulazimika kupigana wala kufungua kesi. Kwa hiyo mwanangu kibao chako hata kama hawakisomi usikitoe, na kipige picha yenye tarehe ukaihifadhi.

Mama Geti
Mnaenda mahakamani mapema sana jamani. Mimi kazi yangu ni kusimamia majengo na swali langu ni moja tu, hao wanaopaki ni akina nani? Maana ukisema "watu wa zahanati" unajuaje? Chukua daftari, andika namba za magari asubuhi na jioni, siku kadhaa tu zinatosha. Halafu wape wapangaji stika za kubandika kwenye kioo, kila nyumba idadi yake, na mgeni awe na kadi ya kuweka kwenye dashibodi ambayo mpangaji ndo anaichukua kwako na kuirudisha. Bila hivyo hata mlinzi ukimweka atakuwa anabahatisha, atamfukuza wa kwako amwache mpita njia.

Mwenye Kiwanja
Nimerudi wakuu. Mama Geti ubarikiwe, nimefanya ile ya daftari. Aisee ile pikapu nyeupe ninayoilaani kila siku kumbe ni ya shemeji yake mpangaji wa chini 😂 na ziko nyingine za wageni hivo hivo. Zinazobaki, zile zinazoshinda kutwa ni za wafanyakazi wa zahanati, wagonjwa wenyewe wanakaa kidogo wanaondoka. Nimeenda kuongea na msimamizi wao kistaarabu, amekubali kubandika tangazo mapokezi na kuwahamisha watu wake, tuone. Ila bado nataka kitu cha kuzuia pale mlangoni, geti sina nafasi maana likifunguka linaingia barabarani.

Fundi Vyuma
Hapo weka nguzo za chuma boss, achana na mawe na matairi yaliyojazwa zege, hayo watu wanasogeza au yanakugonga wewe mwenyewe ukirudi rivasi usiku. Acha uwazi wa mita 1.5 hivi kati ya nguzo na nguzo, gari haipiti ila kiti cha magurudumu kinapita (bodaboda nayo itapita, hiyo hukwepi). Zile za pembeni zichimbie moja kwa moja kwenye zege, za katikati ziwe za kukunja zenye kufuli. Angalia kimo chake ikiwa imelala, kuna nyingine zinagonga gari za chini. Usichukue zile za kuzama ardhini kama pale maji yanatuama, shimo lisipokuwa na kokoto chini za kupitisha maji likijaa mchanga hiyo nguzo haishuki tena. Na zungushia utepe wa kung'aa, nguzo isiyoonekana gizani ni kesi nyingine hiyo.

Mwenye Kiwanja
Safi sana fundi. Ufunguo je, kila mpangaji wake?

Mama Geti
Kila nyumba mmoja, kufuli zote zifunguke kwa ufunguo wa aina moja, na mtu akihama aurudishe kabla hujampa amana yake. Ila kabla fundi hajachimba waulize zimamoto wanahitaji upana gani, muongozo wa England kwa mfano unataka geti liwe na angalau mita 3.1 gari lao lipite. Nguzo za kukunja ziwe ndani ya upana huo, usije ukazika ya zege katikati ya njia yao.

Kichwa Moto
Na shemeji wa pikapu naye apewe ufunguo?

Mwenye Kiwanja
Huyo atachukua kadi ya mgeni kama wenzie 😂