Mjadala: Sabufa za boksi la tundu kwenye ghorofa za kupanga, ziruhusiwe au zikatazwe?

Mleta mada

Natengeneza maboksi ya spika hapa Mombasa, mwaka wa tisa sasa, na naishi kwenye ghorofa ya kupanga. Msimamo wangu ni kwamba sabufa (spika ya besi) ya boksi la tundu, yaani boksi lenye tundu la kupitishia hewa ili besi ya chini iongezeke, isiingie kwenye ghorofa hizi, na wenye nyumba waliandike hilo kwenye mkataba kama wanavyoandika habari za jenereta.

Wiki jana saa tano usiku jirani wa juu alikuwa akitazama sinema. Maneno siyasikii, ila maji kwenye glasi yangu yanatetema, na kitasa cha mlango kinalia chenyewe.

Sebule zetu nyingi zina urefu wa kama mita 4. Chini ya hezi 43 hivi, yaani mitetemo 43 kwa sekunde, chumba cha aina hiyo huanza kuikuza besi chenyewe, kwa kuwa wimbi ni refu kuliko nafasi iliyopo na hewa yote hubanwa na kuachiwa kwa pamoja. Boksi lililozibwa, lisilo na tundu, sauti yake hushuka taratibu kadiri besi inavyokwenda chini, desibeli 12 kwa kila oktavu, yaani kila hezi zinapopungua nusu. Likianza kushuka karibu na hapohapo, chumba hujazia kilichopungua.

Chukua spika ya inchi 12 ambayo karatasi yake ya vipimo inasema Vas (kiasi cha hewa chenye mnyumbuko sawa na wa koni) ni lita 60, Qts (jinsi koni inavyojizuia kutikisika ovyo) ni 0.45, na Fs (hezi ambazo koni hutikisika kiasili) ni 25. Ukitaka Qtc, yaani kipimo kama Qts spika ikiwa ndani ya boksi, iwe 0.707, gawanya 0.707 kwa 0.45, zidisha jibu kwa lenyewe, toa 1, halafu gawanya 60 kwa ulichobaki nacho. Utapata lita 41, na boksi litalia vizuri kushuka hadi hezi 39. Ndani nakata sentimita 40 kwa 36 kwa 31, maana spika yenyewe hula kama lita 3. Mbao za MDF (za unga wa mbao ulioshindiliwa) za milimita 18, gundi, skrubu, na silikoni kila kiungo. Hewa ikivuja hata kidogo, kazi yote imeharibika.

Boksi la tundu kwa spika hiyohiyo hutaka karibu mara mbili ya ukubwa huo, na hutoa nguvu zake kwenye hezi 25 hadi 30. Hapo ndipo chumba nacho kinaongeza. Matokeo yake sebule inavuma, na mvumo huo unashuka kwa jirani kupitia zege.

Na sheria haimsaidii. Kanuni za kelele za Kenya za mwaka 2009 zinataka usiku kwenye makazi isizidi desibeli 35, lakini kwa kipimo cha A, kinachofuata usikivu wa sikio, ambacho hupunguza sauti ya hezi 50 kwa desibeli 30. Besi ya desibeli 65 inasomeka 35. Jirani hapati usingizi, na mita ya kelele inasema hakuna kosa.

Mchangiaji wa kwanza

Kaka, hesabu nimeikubali, ila umeifanyia chumba kilichofungwa. Mwezi wa pili Mombasa hii nani anafunga madirisha? Hiyo nyongeza ya chumba inatorokea dirishani, na boksi lako linabaki halina besi ya chini. Ili lifike hezi 25 kwa nguvu sawa na langu la tundu, koni italazimika kwenda mbele na nyuma umbali mkubwa zaidi na amplifaya itachemka. Mimi tetemeko la ardhi kwenye sinema nataka nilihisi kifuani. Tatizo ni mkono unaoshika kitufe cha sauti, si boksi. Halafu kanuni hizohizo zinakataza kelele ya kusumbua watu hata bila mita. Mwenye nyumba ataingia kwangu kukagua matundu?

Mleta mada

La madirisha umesema kweli, ndugu yangu. Yakiwa wazi faida ya chumba inapungua sana, na kwa mteja wa Nyali, mtaa wa hapa Mombasa, mwenye nyumba ya peke yake na ua mpana namtengenezea la tundu bila kusita.

Ila kuhusu mkono na kitufe sikubaliani nawe. Anayeshika kitufe hasikii kinachofika chini. Nilimpelekea mteja mmoja maboksi yote mawili, nikayaweka sauti sawa pale anapoketi, tukacheza kipande kilekile cha sinema, halafu nikamwomba ashuke nami kwa jirani. La lita 41 tulilisikia kwa mbali. La tundu lilitikisa mlango wa kabati la vyombo, sahani zikagongana, na mama anayeishi pale akatuuliza kama hatimaye tumekuja kumwomba radhi. Mteja alikuwa hajawahi kufika pale chini hata siku moja.

Ukaguzi hauhitajiki. Mkataba useme tu kwamba jirani akilalamika, wote wawili wakasikilize kutoka nyumbani kwa aliyelalamika, kabla ya kubishana juu ya mita. Kuna mtu hapa mwenye mkataba wenye kipengele kama hicho? Nakiomba nikisome.