Majirani Barabara ya 9: Nane Nane ya Mzee Majuto

[07:12] Mama Rehema: Asalaam alaykum majirani. Nane Nane imekaribia, na ndiyo tarehe aliyofariki mchekeshaji wetu Mzee Majuto mwaka 2018. Mwaka huu watoto wetu tuwaonyeshe kazi zake. Baada ya Alasiri, pale uwazini kwa Fundi. Nataka turubai, mikeka, projekta na spika. Nani ana nini?

[07:14] Mama Rehema: Juzi Rehema kaniuliza King Majuto alikuwa mfalme wa nchi gani. Mtoto wa Tanga huyo! Nimeumia kweli.

[08:40] Mama Rehema: Mliosoma nawaona 👀

[09:05] Chuma: Mwambie mfalme wa Ngamiani 😂😂

[09:06] Fundi Hamadi: Jeshi lake watu walioshika mbavu

[09:06] Chuma: 🤣🤣

[09:09] Mama Rehema: Fundi, nimeuliza turubai.

[09:31] Fundi Hamadi: Turubai lipo. Ila lile la Maulidi lilirudi limechanika, na mpaka leo hakuna aliyenipa neno.

[09:33] Baba Zuwena: Jamani tusilianze hilo

[09:33] Fundi Hamadi: Silianzi. Halijaisha.

[09:50] Mama Rehema: Tutalizungumza. Projekta?

[11:02] Mama Rehema: Projekta jamani

[13:20] Mwalimu Kombo: Ndiyo natoka darasani. Mama Rehema wazo lako zuri sana, na watoto waelezwe kabla ya kuwashiwa picha. Jina lake Amri Athumani, mzaliwa wa hapa hapa Tanga, 1948. Jukwaani kaanza 1958, bado mtoto. Sasa pigeni hesabu: huku Bara televisheni zimeanza 1994. Miaka 36 mtu anaigiza bila kamera ya televisheni kumsubiri! Jukwaani hakuna kurudia. Watu wasipocheka unawaona kwa macho yako. Filamu zilipokuja zikamkuta kashaiva, akikunja uso tu watu hoi, maneno bado.

[13:24] Chuma: Mimi namjua akiwa na Sharo Milionea. Kijana na mbwembwe zote zile, mzee anamtazama tuu 😂

[13:26] Mama Rehema: Na Sharo naye ajali ilimchukua hapo Muheza, 2012. Wote wa kwetu hao, Mungu awarehemu.

[13:27] Chuma: Amin

[13:41] Baba Zuwena: Projekta iko kwa shemeji yangu lakini ni ya kukodi. Tutoze 500 mlangoni, hela itarudi.

[13:42] Chuma: Kibanda umiza kimerudi!!! Mlango upi sasa pale uwazini

[13:43] Fundi Hamadi: Watapita kwenye tundu la turubai langu

[13:43] Chuma: 🤣🤣🤣 Fundi acha

[13:45] Mama Rehema: 500 sawa tu, mbona wanazinunulia barafu.

[14:10] Mwalimu Kombo: Hapana, 500 siiungi mkono. Filamu zina wenyewe. Kuionyesha hadharani, tena kwa kiingilio, kunataka kibali cha mwenye haki. Tuwaulize COSOTA, watu wa hakimiliki, kwanza. Kwa mzee huyu hasa ndiyo tusifanye hivyo. Mmesahau 2018? Anaumwa, anapelekwa India, anarudi, anafia Muhimbili, na mwaka huo huo nchi nzima inazungumzia mikataba ya wasanii mpaka Waziri Mwakyembe akaunda kamati ya kuipitia. Msanii anauza filamu kwa mkupuo na haki zote zinaondoka nayo. Watu wanaendelea kucheka miaka nenda rudi, yeye hela yake ilishakwisha. Leo na sisi tukamtozee kiingilio?

[14:12] Fundi Hamadi: Umesema kweli Mwalimu. Ukitumia cha mwenzio, lipa. Filamu, turubai, vyote.

[14:13] Baba Zuwena: Kashafika kwenye turubai 🙆🏾‍♂️

[14:15] Mama Rehema: Fundi tutalishona!

[14:15] Fundi Hamadi: "Tutalishona" nani?

[16:30] Mama Rehema: Sasa bila kiingilio projekta inalipwa na nani? Mwenye jibu aandike.

[18:02] Mama Rehema: Hata mmoja?

[20:47] Bi Mwanahamisi: Naandika mimi mjukuu, Bibi ananitajia. Anasema: Wanangu, nimesomewa yote. Huyo mnayemtaja ni marehemu wa watu, na kwao si mbali. Kabla ya kicheko, kisomo. Yasini isomwe, ubani uchomwe. Na kabla ya hicho kisomo mtu aende kwao akaombe ruhusa kwa mdomo wake, si kwa simu. Wakiridhia, watoto wacheke mpaka walale. Mtoto asitozwe hata senti. Na wewe Hamadi, turubai lilifungwa uani kwangu. Mtu wa kumdai ni mimi. Njoo kesho asubuhi unywe chai.

[21:15] Mwalimu Kombo: Shikamoo Bibi. Tumesikia.

[21:16] Baba Zuwena: Shikamoo Bibi 🙏🏾

[21:19] Fundi Hamadi: Shikamoo Bibi. Nitakuja, Inshallah. Sikudai wewe.

[21:22] Bi Mwanahamisi: Anasema marahaba wote. Hamadi njoo tu.

[21:34] Mama Rehema: Ahsante Bibi. Basi kisomo Alasiri, picha baada ya Magharibi, kama kwao wameridhia. Nani anaenda?

[21:36] Baba Zuwena: Mimi nina safari ya Korogwe

[21:37] Chuma: Mwalimu ndiye anajua kuongea

[21:37] Mama Rehema: Mwalimu?

[22:05] Mama Rehema: Mwalimu umesoma.

[06:18] Mama Salha: Asalaam alaykum, ndiyo naona sasa. Spika ninazo mbili, moja inakoroma. Ni lini kwani?

[06:20] Mama Rehema: Nane Nane. Ile isiyokoroma nimeiandika. Baba Zuwena, shemeji apunguze bei. Mwalimu, nikitoka sokoni napita kwako, twende wote.